Canter lilinigonga kwa nyuma, tukaandikiana, sasa dereva kazima simu. Nimechelewa?

SWALI: Shikamoo kaka. Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye foleni Mandela Road maeneo ya Tabata Relini, nimesimama kabisa, Canter likaja kunigonga nyuma. Mimi nina IST. Nilikuwa na mdogo wangu siti ya mbele, yeye aligonga goti kwenye dashibodi. Dereva alishuka akaanza kuniomba tusiite trafiki, bosi wake atamfukuza, nikamuonea huruma tukaandikiana karatasi kwamba atanilipa laki sita kwa awamu mbili. Laki na nusu alituma hapohapo kwa simu, iliyobaki ilikuwa wiki iliyopita na namba haipatikani tena. Nina picha za plate yake na leseni yake na magari yalivyokuwa. Fundi amefungua akasema ni milioni moja laki nane na nusu sababu sakafu ya buti imeingia ndani. Shingo inaniuma mpaka begani, ilianza kesho yake. Bima yangu ni ndogo. Nauza keki na huwa napeleka mwenyewe, sasa natumia boda na mbili zimeshafika zimepondeka. Nianzie wapi, au ndo imeshakula kwangu?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana, na mpe pole mdogo wako. Haijakula kwako. Nimekaa dawati la madai kwenye kampuni ya bima miaka kumi na moja, sasa hivi nasaidia watu kufuatilia madai yao, na swali kama hili nalipata karibu kila wiki, kinachobadilika ni aina ya gari tu na kiasi ambacho dereva alituma kabla hajazima simu.

Kosa lako sio kubwa kama unavyodhani. Shida ni kwamba mpaka sasa unamtafuta mtu asiye na hela. Dereva wa Canter analipwa kwa tripu, hiyo laki na nusu inawezekana kabisa aliazima, na hata ukimpata leo utapata ahadi nyingine. Hela iko kwenye stika ya bima ya lile Canter. Mwenye gari kalipia bima kwa ajili ya siku kama ile, na kwenye ile bima wewe ndo unaitwa mtu wa tatu, yaani mtu wa nje ambaye gari lao limemuumiza au kumharibia mali. Hapa watu wengi wanajichanganya, anasema "mi nina bima ndogo kwahiyo sina changu", sio hivyo. Bima yako ndogo ni kwa ajili ya yule ambaye wewe ungemgonga. Uliyegongwa unaenda kwenye bima ya aliyekugonga, haijalishi ya kwako ni ndogo, ni kubwa, au nini. Tofauti ni kwamba ungekuwa na bima kubwa kampuni yako ingekutengenezea gari kwanza afu wao ndo wahangaike na mwenye Canter, sasa huna, kwahiyo anayehangaika ni wewe.

Kabla ya gari lakini, shingo. Wiki tatu umekaa na maumivu hujaenda popote, hilo ndo limenishtua kuliko buti. Ukigongwa kwa nyuma umesimama, kiti kinakusukuma mgongo kwenda mbele ghafla ila kichwa kinabaki nyuma sekunde kidogo afu kinarushwa, misuli na kano za shingo zinavutika. Ndo maana maumivu yanachelewa, siku yenyewe unajiona mzima unaongea unapiga picha unamuonea mtu huruma, kesho yake ndo unaamka huwezi kugeuza kichwa. Mara nyingi yanaisha yenyewe ndani ya wiki kadhaa kwa dawa za maumivu na kuichezesha shingo taratibu (usijifunge kola mwezi mzima kama ulivyoona kwenye filamu, inazidi kukakamaza), ila kuna dalili ambazo hazisubiri: ganzi au mkono kukosa nguvu, kichwa kinachouma kila siku zaidi ya jana, kutapika, kuona maruweruwe, au mkojo kukushinda kuuzuia. Umesema inashuka begani, kama inashuka mpaka vidoleni na ganzi nenda leo hiihii hata kama ni usiku, mambo ya karatasi ndugu yako atafuatilia. Na jua kabisa eksirei inaweza kutoka safi, eksirei inaonyesha mifupa haionyeshi misuli, kwahiyo mtu wa bima akija kukwambia "si picha yako haina kitu" usidhani basi unajisingizia. Cha muhimu daktari aandike alichokuta na siku aliyokuta.

Kama hali sio ya dharura pitia polisi kwanza uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mbili, yako na ya mdogo wako. Usimsahau mdogo wako kwenye hili. Yeye alikuwa abiria, hana kosa la aina yoyote, na ana madai yake mwenyewe kwa bima ya lile Canter ambayo hayaingiliani na ya kwako. Goti lililogonga dashibodi linaweza kuonekana jambo dogo mpaka mtu ashindwe kupanda ngazi.

Pili, mpigie fundi sasa hivi, aache. Asigonge, asinyooshe, asipake puti. Najua unataka gari lako na keki zinapondeka, lakini gari likishanyooshwa asesa wa bima, yule anayekagua na kukadiria hasara, atakuja kuona gari zima na atalipa kwa macho yake. Nimewahi kumkatalia mtu madai yake halali kabisa kwa sababu hiyo, gari lilikuwa limeshapigwa rangi linang'aa, yeye ana picha mbili za gizani za taa iliyovunjika. Roho iliniuma ila faili lisingepita. Kama fundi ameshafungua bampa basi aliweke pembeni na kila kitu alichotoa, piga picha za sakafu ya buti kwa mchana, piga za chini pia, na moja inayoonyesha gari zima na namba yake.

Sasa stika. TIRA, hawa wasimamizi wa bima, wana mfumo wao mtandaoni unaitwa TIRA-MIS, unaingia sehemu ya kuhakiki unaandika namba ya gari, inakuletea kampuni iliyokatia bima, aina ya bima, imeanza lini inaisha lini. Fanya leo hata ukiwa kitandani. Unachotafuta ni kama bima ilikuwa hai siku ile ya ajali, sio leo, maana kuna wenye magari wakisikia dereva wao kagonga ndo wanakimbia kukata bima jioni yake. Piga skrinshoti uhifadhi. Angalia pia imeandikwa gari la biashara au binafsi. Kwenye picha yako plate ya lile Canter ni nyeupe au njano? Nyeupe ni ya biashara, na kama gari la kubeba mizigo ya watu limekatiwa bima ya matumizi binafsi hapo kampuni inaweza kuanza kuruka ruka, bora ujue mapema.

Baada ya hapo ndo polisi, na sio kituo cha karibu na kwako, ni kile kinachohusika na eneo la ajali, upande wa trafiki. Utaulizwa kwanini hukuripoti siku ileile. Sema ukweli, dereva alikiri akaomba tumalize tukaandikiana, sasa katoroka na mimi nimeumia. Usitunge hadithi kwamba ajali ilikuwa jana, kuna watu wanashauriwa hivyo na vishoka, afu picha kwenye simu zinaonyesha tarehe na muamala wa laki na nusu nao una tarehe, mnageuka nyie ndo watuhumiwa. Kuripoti kwa kuchelewa kuna usumbufu wake maana hakuna aliyechora ramani pale barabarani, ila una vitu ambavyo wengi hawana. Picha za magari kabla hayajasogezwa. Leseni yake. Karatasi yenye sahihi yake. Na meseji ya muamala ambayo ina jina lake kamili, mtu haamki tu akatuma laki na nusu kwa mtu asiyemjua. Usifute hizo meseji, na kama simu yako ni ya zamani zamani zitoe kopi leo, unaweza pia kuomba taarifa ya miamala kwa mtandao wako.

Polisi wakishafungua jalada wanaweza kumpata mmiliki kupitia usajili wa gari, huna haja ya kuzunguka Tandale na Manzese kuuliza Canter la nani. Mwenye gari akiitwa, mara nyingi simu ya dereva inafufuka. Dereva anaweza kupelekwa mahakamani kwa kuendesha kwa uzembe, na wengi wanakiri siku ya kwanza wanapigwa faini wanaondoka. Watu wanalalamika hapo, "kapigwa faini ya serikali, mimi nimepata nini?" Umepata karatasi ya thamani kuliko zote. Nakala ya hukumu inayosema fulani kakutwa na hatia kwa ajali ile ni ushahidi mzito sana ukidai fidia, hakuna tena mjadala wa nani alimgonga nani. Iombe hata kama hujaambiwa.

Zile fomu zina namba zake na uzishike kichwani, maana ukifika bima watakutajia kama wanataja namba za daladala: PF90 ni taarifa ya ajali ya mwanzo, PF93 ni ya ukaguzi wa gari, PF115 ni taarifa ya mwisho ya polisi baada ya kesi kuisha au upelelezi kufungwa, na ramani ya ajali kama ipo. Hiyo ya mwisho ndo inachelewesha watu, inaweza kuchukua miezi kesi ikiwa inapigwa kalenda. Usisubiri mpaka zote zikamilike ndo uende bima, nenda na ulizonazo, faili lifunguke, nyingine unapeleka zikitoka. Ukiambiwa utoe hela ya fomu yoyote omba kontroo namba, halali inalipwa huko na risiti unapata.

Kuhusu ile karatasi yenu ya laki sita. Kuna watu watakwambia nenda Mahakama ya Mwanzo ukamdai laki nne na nusu yako, na ni kweli inawezekana, deni la makubaliano linapokelewa pale na hulazimiki kuwa na wakili. Mimi nisingeanzia huko. Ukienda kudai laki nne na nusu ni kama unasema hasara yako yote ilikuwa laki sita, na fundi anakwambia milioni moja na laki nane na nusu, bado hospitali. Itumie hiyo karatasi kama ushahidi kwamba dereva alikiri kugonga, hiyo ndo kazi yake nzuri kuliko zote. Soma tena maneno yake taratibu lakini, neno kwa neno. Kama imeandikwa tu "nitamlipa laki sita kwa awamu mbili" uko vizuri. Kama kuna sentensi ya "na mlalamikaji ameridhika hatadai kitu kingine chochote" hapo tafuta wakili hata wa kituo cha msaada wa kisheria akuangalizie kabla hujaipeleka popote, sababu hiyo sentensi wataikamata. Ingawa hata hapo yeye mwenyewe hajalipa walichokubaliana na mlipoandikiana shingo ilikuwa haijaanza kuuma, kwahiyo sio mwisho wa dunia.

Laki na nusu uliyopokea itaje, itakatwa kwenye malipo, ni haki. Usiifiche.

Ngoja nikwambie na mimi yangu kidogo, na hapa natia aibu. Mwaka 2016 pikapu ilinigonga kwenye kona karibu na Buguruni, mzee mmoja anaendesha, mikono inamtetemeka, na mimi siku hiyo nikiwa na kitambulisho cha kampuni ya bima shingoni kabisa, afisa madai mzima, nikapokea laki tatu nikamwambia mzee nenda. Wiki mbili baadaye gari linakula tairi la nyuma upande mmoja, kufungua kumbe ekseli imekaa upande. Nililipa mfukoni kwangu zaidi ya laki saba na sikuwa na namba ya mtu yeyote. Kwahiyo sikusemi, huruma ya barabarani naijua, na mtu akishuka anakuita dada au mwanangu ulimi unakuwa mzito. Siku hizi nikigongwa naongea na mtu vizuri kabisa, namuonea huruma yake yote, na trafiki nampigia.

Tuendelee. Ukienda kwenye kampuni iliyokatia Canter bima, nenda na barua. Usiende na mdomo. Barua fupi, siku na mahali pa ajali, namba za magari yote mawili, dereva nani, kilichotokea mistari mitatu, unadai nini na umeambatanisha nini, nakala mbili, ya kwako wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Huo muhuri utakuja kuushukuru. Halafu toa taarifa na kwenye kampuni yako pia hata kama hudai kitu, sababu yule dereva akibanwa anaweza kugeuza akasema wewe ndo ulirudi nyuma ukampiga, na ukija kuitikia miezi sita baadaye kampuni yako itasema hukuwaambia.

Dawati la madai watakwambia mambo mawili matatu, ntakutajia ili usishtuke. La kwanza "mteja wetu hajaripoti hiyo ajali kwahiyo hatuwezi kufanya kitu". Hili nimelisema mimi mwenyewe enzi hizo, nasikitika. Mteja wao kuripoti ni sharti kati yao na yeye, wamwite, wana namba yake na premium yake wamekula. Wewe waambie wakuandikie hilo jibu kwa barua na utashangaa linavyobadilika. La pili watasema "tunasubiri PF115", hilo linaweza kuwa kweli, ila asesa kuja kuangalia gari hakusubiri PF115, sisitiza gari liangaliwe sasa ili utengeneze uendelee na maisha. Utahitaji makadirio ya gereji, profoma yenye mhuri na TIN, sio ile ya nyuma ya bahasha. Mara nyingi watataka mbili au tatu. Fundi wako wa mtaani anaweza kuwa mzuri kuliko wote lakini kama hana TIN profoma yake haina uzito.

Asesa akipita atakata. Kila mtu anakatwa. Atasema bampa jipya kwa gari la zamani hilo ni faida, anapunguza uchakavu, na hiyo ina mantiki yake kidogo, sheria inataka urudishwe ulipokuwa, haitaki utajirike. Ila bishana kwenye sakafu ya buti. Hiyo sio rangi, hiyo ni mwili wenyewe wa gari, ikinyooshwa kienyeji buti haliji kufunga vizuri, maji yanaingia mvua ya kwanza, na gari kama hilo hata ukija kuuza mnunuzi akiinua kapeti anaona. Mwambie fundi aandike kipengele kwa kipengele: sakafu, paneli ya nyuma, bampa, taa, alaimenti, kazi ya rangi. Profoma iliyoandikwa "matengenezo ya nyuma 1,850,000" inakatwa nusu bila kusomwa. Mwambie acheki na mikanda ya viti, mkanda uliokubana kwenye ajali unaweza kuwa hauvuti tena.

Keki sasa. Biashara uliyopoteza inadaiwa na nauli za boda zinadaiwa, lakini mahakama zetu, kuanzia Mahakama ya Rufani, zimerudia mara nyingi mno kwamba hasara halisi lazima itajwe kimoja kimoja na ithibitishwe. Ukisema "nimepoteza kama milioni hivi" huna kitu. Ukileta meseji za wateja walioghairi, picha ya keki iliyopondeka, uliyemrudishia hela na muamala wake, na daftari la boda la kila siku, hapo una kitu. Boda hawatoi risiti, najua, mlipe kwa simu sio keshi, meseji inakuwa risiti yako. Anza leo, zile wiki tatu zilizopita okoteza kwenye simu. Hospitali na famasi dai risiti kila mara hata ya panado. Maumivu yenyewe, usumbufu, usingizi uliokosa, hiyo ni fidia ya jumla, hakuna risiti yake, hiyo hakimu anakadiria akiangalia ripoti ya daktari au mnakubaliana na bima.

Na hapa naomba usome mara mbili. Kuna siku watakuita ukachukue hundi, utapewa karatasi moja inaitwa dischaji vocha. Utakuwa umechoka, umeenda pale mara saba, mlinzi anakujua jina. Ukisaini ile karatasi ikiwa imeandikwa malipo kamili na ya mwisho kwa madai yote yatokanayo na ajali, umefunga na shingo yako humo humo. Mwezi unaofuata ukiambiwa unahitaji fiziotherapi ya miezi mitatu, hiyo ni ya kwako. Kama wako tayari kulipa gari kwanza, sawa, pokea, ila iandikwe waziwazi kwamba ni malipo ya uharibifu wa gari pekee na madai ya mwili yanabaki wazi. Wakikataa kuandika, usisaini siku hiyo, omba nakala uondoke nayo nyumbani. Mdogo wako naye asisaini chochote kwenye vocha yako, ya kwake iwe ya kwake. Madai ya mwili yafunge pale daktari atakapoandika umepona au umefikia mwisho wa matibabu, sio kabla.

Muda unao. Madai ya uzembe kama haya yana ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya ajali, yale ya mkataba, yaani ile karatasi yenu, ni miaka sita. Ila usiipeleke kwenye mwaka wa tatu, mashahidi wanahama, Canter linauzwa, na kampuni ya bima inatakiwa ijue mapema kama unakwenda mahakamani, usifungue kesi dhidi ya dereva na mwenye gari kimyakimya afu ukawapelekea bima hukumu waishangae. Kwenye kesi unawaunganisha dereva na mmiliki wote wawili, yule alikuwa kazini kwa bosi, bosi anabeba.

Kabla ya mahakama kuna njia ambayo watu hawaitumii. Kampuni ikikuzungusha au ikikulipa kichekesho, andika malalamiko rasmi kwao, wakikujibu vibaya au wakinyamaza nenda TIRA, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyotokana na sheria ya bima ya 2009, malalamiko hayalipiwi. Nikiwa dawatini, faili likija na barua yenye nakala kwa TIRA lilikuwa linahamia juu ya rundo. Hivyo ndo ilivyo.

Ikitokea umehakiki ukakuta Canter halikuwa na bima, mambo yanakuwa magumu lakini yapo. Kuendesha bila bima ni kosa la jinai peke yake, na mwenye gari anayejua hilo mara nyingi anataka kuelewana haraka, tena mbele ya polisi na kwa maandishi mazuri kuliko yale ya kwanza. Hapo unamdai yeye moja kwa moja, na gari lenyewe ni mali.

Wengine wanaosoma, mkigongwa na malori ya transit ya Zambia au Kongo, usikate tamaa kwa sababu ya plate ya nje, muulize dereva Yellow Card ya COMESA, piga picha, ile ni bima inayofanya kazi huku kwetu pia, Tanzania tuko ndani ya mpango huo. Lakini usimuache aondoke kabla trafiki hajafika, huyo ukimkosa pale kesho yuko Tunduma. Na mkigongwa na gari la serikali lazima mtoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, kwa hiyo hesabu zenu zianze mapema.

Wewe dada, leo ni TIRA-MIS na simu kwa fundi, kesho asubuhi polisi, ukitoka na PF3 unaunganisha hospitali. Beba kopi mbili za kila kitu na orijino zibaki kwenye begi lako, usimwachie mtu orijino hata akikwambia zinarudi mchana. Na lile bampa la zamani mwambie fundi asilitupe wala asimpe mtu wa chuma chakavu, asesa atataka kuliona.